Nimetumiwa bombe de bain sita na kwangu hakuna benuari: nizitumieje kwenye beseni?

mama_kyeshero, Goma

Wapendwa, amani kwenu.

Mdogo wangu anayeishi Bruxelles amenitumia mzigo kwa mkono wa mtu aliyekuja juma lililopita. Chini ya viatu vya mtoto nimekuta madonge sita ya kuogea, yale ambayo kwa Kifaransa huandikwa bombe de bain. Mimi nayaita madonge. Nilipolitamka lile jina la Kifaransa uani, mtoto wa jirani aliacha mchezo akakimbilia kwa mama yake. Katika mji wetu neno hilo, ambalo maana yake ni bomu, si la kutamka mbele ya watoto, kwa hiyo nawaomba na nyinyi mseme donge.

Kila donge ni kubwa kama chungwa, gramu 120. Mawili ni ya waridi, mawili ni ya zambarau yenye vitu vinavyometameta, na mawili ni meupe, hayana harufu yoyote ninayoisikia. Mdogo wangu anasema ujaze benuari maji ya moto, utumbukize donge, ujilaze. Lakini kwangu hakuna benuari. Tunaoga kwa beseni, kopo mkononi, na maji nayanunua kwa bidoni.

Bafu letu liko uani, limechimbwa kati ya mawe ya volkano. Unashuka ngazi tatu, na dirisha lake ni dogo kama daftari. Binti yangu ana miaka mitano, ngozi yake hukauka na kuwasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Mama mkwe tunaishi naye, ana ugonjwa wa sukari tangu zamani, na jioni miguu humuuma. Alipoyaona haya madonge alifurahi sana, akasema leo miguu yangu nayo itakula sikukuu. Sikutaka kumvunja moyo, lakini sikumwekea. Nilimwambia angoje kwanza niulize.

Na jirani yangu amenitia hofu nyingine. Anasema gesi inayotoka kwenye yale mapovu ndiyo ileile ya mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua. Hapa Kyeshero tunajua mazuku ni nini. Mbuzi wa shemeji yangu alikutwa amekufa bondeni asubuhi, hana hata jeraha.

Naomba anayejua kweli anisaidie. Mdogo wangu ametumia pesa yake na moyo wake, sitaki kuyatupa. Wala sitaki mtu aumie ndani ya nyumba yangu kwa sababu ya zawadi.

---

kijana_wa_kenya, Lubumbashi

Jambo mama. Mimi nilitumia moja hotelini hapa mjini, nililiweka zima, maji yakawa mekundu, raha tupu, sikupata shida yoyote. Ila wakati wa kutoka benuari ilikuwa inateleza kama imepakwa mawese, nikaponea kwenye bomba la ukutani. Weka tu donge zima mama, ni salama.

---

mpika_sabuni, Bukavu

Mama Kyeshero, karibu. Mimi napika sabuni Kadutu, na kwa miaka minne sasa natengeneza na madonge haya kwa ajili ya saluni na mabibi harusi. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, na nimefurahi kwamba uliuliza kabla ya kutumbukiza.

Kaka wa Lubumbashi, kwako wewe donge zima lilikuwa sawa kwa sababu ulikuwa ndani ya benuari. Benuari iliyojaa ni lita 150 hivi. Ukihesabu kwa bidoni zetu za lita 20, ni bidoni saba na nusu. Beseni la mama lina lita ngapi? 15, tuseme. Sasa chukua donge lililopimwa kwa ajili ya lita 150, ulitumbukize katika lita 15. Umemkalisha mtoto kwenye maji yenye manukato, rangi na chumvi mara kumi kuliko alivyokusudia aliyelitengeneza. Kwenye karatasi ya donge hawaandiki hivyo, maana kule walikotengeneza hawakufikiria beseni.

Naliandika hili kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza, kabla sijajifunza kutengeneza mwenyewe, nilinunua donge sokoni, halina karatasi, halina orodha ya vitu vilivyomo. Nikamwekea mdogo wangu wa kike zima kwenye beseni, siku mbili kabla ya harusi yake, nikijua namfanyia jambo jema. Alikaa humo nusu saa. Usiku ule mapaja yake yalitoka vipele, akawa anajikuna hadi asubuhi, na visigino vyake vilibaki na rangi ya waridi ambayo sabuni haikuitoa. Aliingia kanisani amevaa soksi ndani ya viatu vya wazi. Tangu siku ile kazi yangu ya kwanza kwa mteja yeyote ni kumuuliza: unaogea kwenye nini?

Kwa hiyo, mama, donge likatwe. Gramu 120 gawanya kwa kumi, kila kipande ni gramu 12, karibu kijiko kimoja cha mezani kikiwa kimejaa. Chukua kisu kikavu, mikono mikavu, tandaza gazeti. Usipige kwa nguvu. Weka kisu juu ya donge, gonga mgongo wa kisu na mwiko kidogokidogo, litapasuka lenyewe kama sukari guru. Vumbi lake usilivute puani, lina asidi ya limau ndani, linachoma macho na koo. Vipande viweke kwenye kopo la maziwa ya unga lililokauka kabisa, pamoja na kipande cha gazeti. Bukavu hii yenye mvua imenifundisha: donge likipata unyevu huota vinundu kama chunjua, na baada ya hapo hata ukilitia majini linakaa kimya. Halina sumu, limekufa tu. Kabla ya kutumia, chukua punje moja utie kwenye glasi ya maji. Likichemka, liko hai.

Na jambo moja naomba ulishike sana: donge lililolowa lisifungwe kamwe ndani ya chupa au kopo lenye kifuniko cha kukaza. Gesi hujaa mpaka chupa ipasuke. Watoto wanapenda mchezo huo, wafiche.

Sasa mazuku. Jirani yako hakusema uongo. Donge ni bikabonati na asidi ya limau, zile unga mbili zikikutana kwenye maji zinatoa gesi ya kaboni dioksidi, na gesi ya mazuku ni hiyohiyo. Tofauti ni kiasi. Mimi natia bikabonati mafungu mawili na asidi fungu moja, na madonge mengi yako hivyo. Donge zima la gramu 120 namna hiyo linatoa lita kumi hadi kumi na tano hivi za gesi, basi. Mtu mzima aliyekaa kitini ametulia, pumzi yake ya saa moja inatoa karibu kiasi hicho. Kipande chako cha gramu 12 kitatoa lita moja hivi. Mazuku yenyewe inatoka ardhini usiku kucha, haina mwisho, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inajaa bondeni kama maji.

Kwa hiyo donge si la kuogopwa. Bafu lako ndilo linanitia wasiwasi, mama. Ngazi tatu chini, dirisha kama daftari, Kyeshero. Hata bila donge, mtoto asiogeshwe humo alfajiri kabla jua halijapanda na upepo haujavuma. Na watu wana desturi ya kushusha mshumaa kuona kama utazimika. Usiutegemee. Gesi hiyo inaweza kukulegeza wewe mshumaa ukiwa bado unawaka.

Nikirudi kwenye madonge yako, soma nyuma ya karatasi. Neno Parfum ni manukato, na wenye ngozi inayowasha ndilo adui wao wa kwanza. Ulaya inawalazimisha waandike majina ya manukato yanayojulikana kuleta mzio kila yanapozidi kiasi fulani, ndiyo maana utaona Limonene, Linalool, Citral, Eugenol. Herufi CI na tarakimu tano ni rangi. Mica ni unga wa jiwe, ndio unaometameta, ingawa mengine huwekwa plastiki iliyosagwa, na hiyo hukwaruza, huingia machoni, na kwenu maji machafu yakishapita kwenye mawe yanaelekea ziwani, tunakochota. Hayo meupe niandikie yana nini.

---

mama_kyeshero, Goma

Ndugu mpika sabuni, Mungu akubariki. Nimesoma kwa sauti mbele ya mama mkwe.

Meupe yameandikwa: Sodium Bicarbonate, Citric Acid, Zea Mays Starch (wanga wa mahindi), Avena Sativa (oti), na mafuta ya alizeti. Neno Parfum halipo. Ya waridi yana Parfum, Limonene, Linalool, Geraniol na CI mbili. Ya zambarau yana orodha ndefu, na karatasi imechanika katikati.

Je, meupe naweza kumwekea binti leo? Na mama mkwe? Nikisogeza mbabula (jiko la makaa) mlangoni mwa bafu ili maji yasipoe, ni vibaya?

---

muuguzi_himbi, Goma

Mama, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi ya miguu ya wenye sukari kwa muda mrefu. Naanza na mbabula kwa sababu hiyo haingoji. Usiingize mbabula bafuni, wala usiiweke mlangoni pa chumba kidogo kilicho chini. Makaa yanayowaka yanatoa gesi nyingine isiyo na harufu, tofauti na ile ya mapovu, nayo huua watu wakiwa wamelala au wanaoga. Chemsha maji nje, uyalete yakiwa tayari. Kama hewa ni baridi, mwogeshe mtoto saa nane mchana jua likiwa kali.

Sasa mama mkwe wako. Najua alivyofurahi, na najua itakuwa vigumu kumwambia. Lakini mtu mwenye sukari ya miaka mingi hatakiwi kuloweka miguu, si kwenye donge, si kwenye chumvi, hata kwenye maji matupu. Sababu ni mbili. Ya kwanza, mishipa ya fahamu ya miguu huwa imekufa ganzi, hawezi kujua kama maji ni ya moto mno. Nimempokea mama aliyeungua nyayo zote mbili ndani ya beseni, na alichosema ni kwamba maji yalikuwa mazuri. Ya pili, ngozi ikilowa muda mrefu hulegea, hasa kati ya vidole, inapasuka mpasuko mdogo usiouona, wadudu wanaingia, na kidonda cha sukari hakiponi haraka. Miguu mingi iliyokatwa ilianzia kwenye kidonda kidogo namna hiyo.

Fanya hivi. Muoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, uyapime wewe kwa kiwiko chako, yeye asiyapime kwa mguu wake. Mkono upite, usuuze, upanguse. Kati ya vidole pangusa mpaka pakauke, kisha mpake mafuta kwenye nyayo na kisigino, lakini kati ya vidole usipake. Kila siku angalia chini ya nyayo kwa mwanga, kama macho yake hayaoni vizuri. Na hayo maumivu ya jioni asiyanyamazie, ayaseme kwa anayempa dawa ya sukari, maana nayo ni dalili. Ukitaka naye apate sikukuu yake, msugulie mikono katika maji ya kipande cheupe, kama haina vidonda, kisha suuza.

Binti. Ngozi yake kama ulivyoieleza inafanana na ekzema. Waridi na zambarau asiguse kabisa. Cheupe, kwanza jaribu: yeyusha punje kwenye kikombe cha maji, paka sehemu ndogo ndani ya mkono wake ambako ngozi ni nzima, suuza baada ya dakika kumi, halafu ngoja siku mbili. Pasipotoka wekundu wala mwasho, weka kijiko kimoja kwenye beseni zima, akae dakika kumi zisizidi kumi na tano, kisha mmiminie maji safi mwili mzima na umpake mafuta ya mgando ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu. Mara moja kwa juma inatosha.

Na kwa kuwa ni mtoto wa kike: kukalia maji yenye manukato na povu huwachoma watoto wa kike sehemu za siri, wanawashwa, wanalia wakikojoa, na wazazi wengi wanadhani ni ugonjwa wa mkojo. Akilalamika hivyo, acha mara moja, mwoshe kwa maji matupu. Isipotulia kwa siku mbili, au akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya. Na mtu yeyote akivimba midomo au macho, au akipumua kwa kukoroma baada ya kuoga, usingoje kesho, huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo.

---

kijana_wa_kenya, Lubumbashi

Nimejifunza, ahsanteni. Nilisema donge zima bila kufikiria beseni. Mama unisamehe. Swali: maji yanachemka kwa nguvu, hayawezi kumuunguza mtoto?

---

mpika_sabuni, Bukavu

Hapana kaka, na ni swali zuri. Kuchemka kule si kwa moto. Ni kinyume chake, linapoyeyuka linayapoza maji kidogo. Mimi nalijua kwa kiganja: nikinyunyiza maji mno wakati wa kukanda, unga unaanza kuunguruma kwenye bakuli na bakuli linakuwa la baridi mkononi. Hapo najua kazi imeharibika. Unga uliokandwa sawasawa ukiufinya unashikana kama mchanga wa ufukweni baada ya mvua, ukiuangusha unavunjika vipande viwili, hausambai. Kinachounguza ni maji ya mbabula, hayo pimeni kwa kiwiko.

Ulivyosema kuhusu kuteleza nalo ni kweli, ni mafuta yaliyomo. Mama, baada ya kuoga mwaga maji, usugue beseni na sakafu kwa sabuni na majivu, hasa zile ngazi tatu.

Muuguzi, nakushukuru kwa neno la miguu. Nimewauzia wateja wenye sukari bila kuuliza. Kuanzia leo nauliza.

---

mama_kyeshero, Goma

Narudi baada ya siku nne kuwaeleza.

Jaribio nilifanya kwangu mwenyewe na kwa binti. Waridi nilijipaka mimi, ndani ya mkono wangu wa kushoto. Siku ya pili asubuhi palikuwa pekundu, pana ukubwa wa sarafu, panawasha. Namshukuru Mungu halikuwa tako la mtoto. Cheupe nilimpaka binti, siku mbili nzima hakukuwa na kitu, ngozi yake ilibaki vilevile.

Jana saa nane mchana nikamwogeshea uani, si bafuni. Shemeji alinisaidia kufunga vitenge viwili kwenye kamba tukapata pazia. Kijiko kimoja cha unga mweupe. Binti alitia yeye mwenyewe, akainama sikio lake karibu na maji, akasema: mama, linaongea. Dakika kumi nilihesabu kwa simu. Nikammiminia kopo sita za maji safi, nikampaka mafuta. Usiku alijikuna mara moja tu. Sijui kama ni donge au ni mafuta ya kumpaka mapema namna hiyo, lakini mafuta sitayaacha.

Mama mkwe nilimwambia ukweli wote, nikamsomea maneno ya muuguzi mpaka mwisho. Alinyamaza muda. Halafu akavua viatu, akanyoosha miguu, akaniambia angalia basi. Nikawasha tochi ya simu. Mguu wa kulia, kati ya kidole cha nne na cha tano, kulikuwa na mpasuko mweupe, yeye hana habari nao. Leo asubuhi tumekwenda kituo cha afya, wameusafisha, wametupa dawa, tunarudi Ijumaa.

Jioni nilimsugua mikono kwa maji ya cheupe, nikaisuuza. Alikuwa anainusa, akasema haina harufu. Nikamwambia ndiyo maana nimeichagua.

Mawili ya waridi nimempa mdogo wa mume wangu, yeye ngozi yake haina shida na kazini kwake kuna benuari ya wageni, nikamwambia ajaribu kwanza mkononi na asisahau kuosha benuari. Ya zambarau sitayaweka majini. Nimeyafunga kwenye kitambaa, yapo juu ya kabati la nguo mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, na mashuka yameanza kunukia.

Muuguzi, swali moja lililobaki: mpasuko ule ukifunga, niendelee kuangalia kila siku au mara moja kwa juma?

---

muuguzi_himbi, Goma

Kila siku, mama. Weka saa ileile, kabla hajalala, na tochi ileile. Na Ijumaa waombe wamguse nyayo kwa uzi wa kupimia ganzi, ujue ni sehemu zipi hazisikii.